Mkono wa Pili Uko Wapi?

Nianze na huyu aliyenitumia sura kumi na mbili kwenye simu juzi, akaandika chini yake, "Bibi, naomba maoni, usinionee huruma." Sawa, sikuonei. Shujaa wako amekatwa panga la bega ukurasa wa tatu. Ukurasa wa nne anapanda mnazi kuwakwepa maadui. Mnazi, hapa Kayanga! Nimezaliwa Bugene, nina miaka sabini, na mnazi wa kwanza niliuona Dar es Salaam nikiwa mtu mzima. Hata huo mnazi ungekuwepo, bega lililokatwa panga halipandi kitu. Haliinui hata ndoo ya maji.

Mwingine mtu wake ameshika panga kwa mkono wa kulia, jiwe kwa mkono wa kushoto, "huku akimkumbatia Jenipha kiunoni." Nilihesabu mara mbili nikidhani macho ndiyo yamezeeka. Mikono mitatu! Na aliyeandika ni mwalimu wa hisabati.

Jamani, mnanichosha. Nimekubali kuwasomea ninyi wa kikundi cha waandishi kwa sababu napenda hadithi, na kwa sababu nyumbani hapa nina kuku na migomba tu wa kuzungumza nao. Lakini kila mkifika kwenye mapigano mnaniharibia siku. Ndiyo maana leo nawaandikia wote kwa pamoja, niseme mara moja, kisha niendelee na mambo yangu. Mnisikilize vizuri, kwa sababu pambano moja la kwenye karatasi lilininyang'anya kaka. Nitafika huko.

Kwa wasionijua, mimi ni Dafroza. Miaka thelathini na moja nilifanya kazi katika kampuni ndogo ya uchapaji huko Mwanza, kwanza mhariri, baadaye mwandishi. Tulitoa vile vitabu vyembamba vya hadithi za ngumi na upelelezi vilivyokuwa vikiuzwa stendi za mabasi, mtu akinunua Mwanza anamaliza kabla hajafika kwake. Jina langu kwenye jalada lilikuwa herufi ya kwanza tu na jina la baba. Wasomaji waliniandikia barua wakianza na "Ndugu Bwana." Mmoja aliomba nimfundishe kupiga mateke.

Aliyenifundisha mimi alikuwa mhariri mkuu, Mzee Kassim, mtu mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea pambano nililolihariri, nikiwa nimelipamba kwa vivumishi mpaka likang'aa. Akalisoma amesimama. Akaniuliza, "Huyu amemkaba mwenzake kwa mkono wa kulia. Mkono wa pili uko wapi?"

Nikasema haikuandikwa.

"Najua haikuandikwa, ndiyo maana nakuuliza. Mwenye mkono hausahau wakati wa ugomvi. Boazi! Njoo ukabwe."

Boazi alikuwa fundi wa mashine ya kuchapa, mpole kuliko watu wote wa jengo lile, na kwa miaka yote niliyokaa pale ndiye aliyekuwa jambazi wetu. Akaja anajifuta wino, akanipa shingo. Mzee Kassim akanipanga: mguu hapa, kiwiko pale, haya, kaba. Ndipo nikaelewa kwamba nikimkaba Boazi kwa mkono mmoja ananing'oa kirahisi, na kwamba mkono wangu wa pili, bila kutumwa, ulikuwa umeshika meza nisianguke. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa. Mteja aliyeleta kadi za harusi kuchapwa alitukuta, binti mgeni anamnyonga fundi na mzee anasema "Kaza, kaza." Akafunga mlango taratibu, hakurudi.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu ya kazi. Hakuna pambano lililoandikwa kabla halijachezwa. Ufagio ulikuwa mkuki, rula ilikuwa kisu. Na msidhani tulikuwa watoto. Tulikuwa na taipureta. Ukikosea mkono mmoja unapiga ukurasa mzima upya. Kwa hiyo ulifikiri kwanza kwa mwili, ndipo vidole vikafuata. Ninyi mnafuta kwa kidole gumba, basi hamfikirii kabisa.

Halafu mnatazama sana video. Mtu anaruka, anajizungusha hewani, anawapiga watano kwa teke moja, na wale watano wanasubiri zamu yao kama wako kwenye foleni ya zahanati. Kwenye video kuna jicho la kukuzungusha. Msomaji hana jicho hilo. Ana wewe tu, na ukimzungusha mara mbili ameshapotea, hajui nani kaanguka na nani anacheka.

Hebu niwaulize, mmewahi kuingia shambani kwa bibi zenu? Maana mapigano yenu yote yanafanyika kwenye migomba, ambalo ni jambo zuri, ndipo watu wa huku wanapogombania. Lakini migomba yenu ni ya picha. Ya kweli ina matandazo chini, majani makavu na nyasi; huwezi kumnyemelea mtu pale, atakusikia ukiwa bado kwa jirani. Mvua ikinyesha, chini ya matandazo ni utelezi mtupu. Panga hulizungushi upendavyo, maana migomba imebanana, na ukiikosa shingo ya adui ukaupata mgomba, panga linazama na kukwama, unabaki unalivuta huku mwenzako anakutazama. Utomvu unakurukia shati, na doa la utomvu halitoki mpaka shati linachakaa. Mke atakuuliza. Andikeni hilo la mke kuuliza, litamfanya msomaji aamini panga.

Na kuna yale maegemeo. Mgomba ukibeba mkungu mzito tunauegemeza kwa mti wenye panda, usianguke. Katika maisha yangu yote sijawahi kusikia ugomvi wa shambani ambao mtu hakutupia jicho egemeo, kwa sababu ndiyo silaha iliyo karibu. Na kila mtu wa huku anajua kwamba ukilichomoa, mgomba unalala na mkungu wake. Sasa fikirini: mtu ana hasira ya kuua, silaha iko mbele yake, na silaha hiyo imeshikilia chakula cha nyumba nzima. Mmepewa bure, mnakwenda kuchukua mapanga ya kung'aa kwenye simu!

Yule aliyeandika vita vya mashujaa elfu moja wa zamani wa Karagwe, na wewe nakuona, usijifiche. Watu elfu hawapigani kwenye ukurasa. Anapigana mmoja, wengine tunawasikia. Nitafutie mmoja ambaye kamba ya ngao imekatika na anaifunga kwa meno huku wenzake wanakimbilia mbele. Nitaogopa kwa ajili yake. Wale mia tisa tisini na tisa nitawaamini tu.

Na sentensi fupi fupi. "Alipiga. Akakwepa. Akapiga. Damu." Nani aliwaambia? Soma kwa sauti, mchana, jirani asikie. Mahali ambapo mpiganaji anahema, na wewe uheme. Mahali anapokimbia bila kupumua, sentensi nayo ikimbie. Mzee Kassim alikuwa anatusomesha kwa sauti tukiwa tunapanda ngazi za jengo. Niliona ni mateso, na yalikuwa mateso, lakini mpaka leo najua pambano langu linachoka wapi.

Na kabla ya yote hayo alikuwa na swali jingine: wanagombania nini, na baada ya hapo nani atamwamkia nani? Alisema mapigano ni mafupi kuliko kumenya ndizi tatu. Kinachodumu ni jinsi watu watakavyopishana njiani kesho yake. Nililiandika swali hilo kwenye daftari, nikalipigia mstari, kisha siku yangu ilipofika nikalisahau, mjinga mimi.

Sasa niwaambie.

Nina kaka wawili. Nilikuwa nao. Filbert ndiye mkubwa, Anselmi wa pili, mimi wa mwisho. Baba alipofariki, kibanja chetu cha Bugene, shamba la migomba la nyumbani, kiligawanywa kati yao, na mpaka ukapandwa omuramura, ule mmea ambao kila mtu wa huku anaujua kwamba ukishasimama mpakani hauguswi. Asubuhi moja baada ya mvua, Filbert akasema Anselmi ameusogeza. Anselmi akasema hajausogeza. Wakaenda kuutazama, sauti zikapanda.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimekaa mlangoni mwa jiko namenya ndizi. Niliona vipande vipande katikati ya migomba. Niliona wakisukumana, shati la Filbert likichanika. Kisha nikamwona Anselmi yuko chini, amepiga magoti, egemeo mkononi, na Filbert amemkamata mkono. Mgomba uliokuwa umeegemezwa ukalala, na mkungu mkubwa ambao mama aliutunzia wageni wa Jumapili ukafika chini ukiwa bado mchanga.

Mama alitoka jikoni. Hakuuliza nani kaanza. Akawaambia waubebe wote wawili mpaka nyumbani, akawapa visu, akasema, "Menyeni." Wanaume wazima wawili, mmoja ana mke, wakakaa chini uani wakimenya ndizi changa mbele ya majirani waliokuja kutazama ugomvi. Tulizila siku tatu. Zilikuwa chungu, na hakuna aliyethubutu kusema ni chungu.

Miaka zaidi ya kumi na tano baadaye, nikiwa Mwanza, nikaanza kuandika vya kwangu. Mzee Kassim alikuwa amestaafu. Mkuu mpya alitaka damu kila baada ya kurasa tano. Sina haja ya kumsingizia, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikwama katikati ya kitabu, nikahitaji pambano la ndugu wawili, nikalichukua lile. Mkungu nikauondoa, nikaona watu wa mjini watacheka. Mama na visu vyake nikamwondoa. Nikabakiza magoti. Nikaandika kwamba mdogo alinyanyua mti ampige kaka yake kichwani, kaka akamkunja mkono, na mdogo akapiga magoti akilia na kuomba radhi kama mtoto. Nikampa alama ya kovu kwenye nyusi, kwa sababu Anselmi ana kovu kwenye nyusi na mimi nilikuwa mvivu wa kubuni.

Niliridhika nacho! Nilikisoma kwa sauti kwenye ngazi na pumzi zikatosha. Hakuna aliyeniuliza mkono wa pili uko wapi.

Kitabu kilipanda basi kama vitabu vyote, kikashuka Omurushaka. Mtu akakisoma kwa sauti kwenye foleni ya kuuza kahawa, Anselmi akiwa na magunia yake mstari uleule. Watu wa huku si wajinga. Wanajua jina la baba yangu, wanajua nyusi ya nani ina kovu. Kabla foleni haijasogea alikuwa ameshapata jina. Magoti. Watoto wake wakaitwa watoto wa Magoti shuleni. Baada ya mwaka aliuza sehemu yake ya kibanja, akahamia Kyerwa, Songambele, ambako hakuna aliyemjua.

Nilimwandikia barua tatu, hazikujibiwa. Filbert alipofariki tulikutana msibani. Nikapiga goti, nikamwambia, "Shikamoo kaka." Akaitikia, "Marahaba," maana shikamoo haikataliwi, kisha akamgeukia mtu mwingine. Katika miaka yote hiyo, thelathini na kitu, neno alilonipa ni hilo moja. Niliogopa, wajukuu. Yeye ana sabini na tano, mimi sabini. Sikutaka mmoja wetu azikwe na mwingine bado anadaiwa salamu.

Kwa hiyo mlipoanza kunitumia mapigano yenu, na mimi nikiwagombeza kila siku, aibu ikanipata. Nikakaa chini, nikaliandika upya lile la kwangu. Safari hii nikarudisha kila kitu: mvua, omuramura, egemeo, mkungu, mama, ndizi chungu. Kovu nikaliondoa. Nikapunguza machozi, nikaondoa radhi, mti wa kumpigia kaka nikauacha. Kurasa mbili tu. Nikaona sasa nimesema ukweli.

Wiki iliyopita nilipanda basi Omurushaka kwenda Songambele, karatasi zikiwa ndani ya kitenge. Nilimkuta Anselmi uani anaanua kahawa, mvua ilikuwa inanukia. Nikamsalimia kwa lugha ya nyumbani, "Osiibire ota, waitu," kisha nikaongeza na shikamoo, nisije nikakosea.

"Marahaba," akasema. Akaendelea kuanua.

Nikaanza kuanua naye. Tulipomaliza nikamwambia nimekuja kumsomea kitu, na kama hataki nitageuza na basi la mchana. Hakusema anataka. Alikaa kwenye kigoda, akatazama migomba yake, nikachukulia hiyo ndiyo ruhusa.

Nikasoma. Nilikosea mstari wa kwanza, nikaanza upya, mimi niliyesoma mapigano mia nikipanda ngazi. Nilipofika kwa mama na visu nikasikia amecheka kidogo puani. Nikamaliza.

"Mkungu haukuwa nshakala," akasema. "Ulikuwa nyoya."

Nikaandika pembeni: nyoya. Nilikuwa tayari kuandika aina zote za ndizi za Kagera, ilimradi aendelee kusema.

"Na hapo pa Filbert. Umesema alinikamata mkono."

"Ndiyo."

"Kwa mkono gani?"

Nikatazama karatasi. "Wa kulia."

"Na mkono wake wa pili ulikuwa wapi?"

Nawaambia, nilihisi Mzee Kassim amesimama nyuma yangu na miwani yake ya uzi. Nikasema sijui. Nilikuwa mlangoni mwa jiko, migomba ilinizuia, sikuuona.

"Hukuuona," akasema. "Mkono huo ulikuwa unanishika. Niliteleza, Dafroza. Mvua ilikuwa imenyesha, nikateleza, nikadaka egemeo nisianguke, likachomoka. Sikumnyanyulia kaka yangu mti. Mimi? Nimnyanyulie Filbert mti? Naye alipoona mgomba unanilalia akaniwahi kwa mikono miwili, akanivuta. Ule mkungu ungenivunja shingo."

Nikabaki na kalamu hewani. Kurasa mbili za ukweli wangu, na bado nilikuwa nimempa mti ampige ndugu yake. Kosa lilelile, mara ya pili, safari hii kwa nia njema.

"Mbona hukuniambia, kaka? Miaka yote hii?"

"Hukuniuliza. Uliandika."

Nikasema nisamehe. Nililia, na sioni haya kuwaambia. Hakusema amenisamehe. Alinitazama nikitafuta pa kufuta, karatasi zinapepea, kisha akapoteza uvumilivu kabisa, ndipo nikakumbuka kwamba ukali katika ukoo wetu sikuuanza mimi.

"Weka chini hizo karatasi, utakosea tena. Simama. Njoo huku kwenye migomba."

Tukaenda. Wazee wawili kwenye matandazo, mkewe ametoka jikoni anatushangaa. Akanipanga: mguu hapa, mwingine pale, shika egemeo, usilivute, lina mkungu. Sasa legeza magoti kama unaanguka. Nikalegeza, na magoti yangu siku hizi hayahitaji kubembelezwa.

"Mkono mmoja hapa," akasema, akanishika kiwiko. "Na wa pili hapa." Akaupitisha chini ya kwapa langu, akakaza. Alikuwa bado na nguvu. Uzito wangu wote ulikuwa kwake, na matone ya kwanza ya mvua yalianza kugonga majani juu yetu.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, kaka."

"Basi andika hivyo," akasema, na hakuniachia mpaka niliposimama sawasawa.